Maji ya Mtungini

Kibaigwa, saa kumi na moja alfajiri.
Mbwa wa soko la mahindi bado wamejikunja juu ya magunia.
Naingia chini ya tela kwa mgongo,
navuta kamba ya mtungi wa upepo:
pshhh,
na maji yanatoka.

Maji, katika nchi hii
ambamo dada yangu Mbeleje
anachimba mchanga wa korongo hadi kiwiko
apate ndoo moja.
Mtungi wa lori umekamua hewa usiku kucha,
mimi nayamwaga.
Yana rangi ya chai iliyolala, yana mafuta;
kuku akionja anatikisa kichwa.
Lakini yaache humo mwezi mmoja uone:
yatakula chuma, yatakula valvu,
yatafika kwenye breki kabla ya mguu wako.

Madereva wengi wanadhani upepo ndio unaobana.
Sivyo. Ndani ya busta mna springi
nene kama kidole gumba, imekunjwa na hasira zake,
na kazi ya upepo ni kuibembeleza:
ngoja, ngoja kwanza.
Upepo ukiisha, springi haingoji mtu.
Ndiyo maana tela lililokatika mpira
linaganda katikati ya lami kama punda aliyeona nyoka,
na dereva anashuka kulitukana.

Usilitukane.

Mwaka ule wa bei nzuri
Kitundu alikuja na tani thelathini.
Busta moja linavuja, linapumua kama mtoto mwenye pumu.
Ziba, fundi, akasema, Nzega wanasubiri mzigo.
Duka la vipuri lilikuwa limefungwa.
Nikaifunga springi, nikaziba paipu kwa bolti ya kumi na saba.
Nikapokea elfu kumi.
Nikalala, tena usingizi mzuri.

Sekenke haina haraka na mtu.
Inakusimamisha pale juu, inakuonesha Wembere yote
tambarare, nyeupe kwa joto,
kisha inakupa kona.
Breki tano zikabeba kazi ya sita.
Dramu zikawa nyekundu, viatu vikang'aa kama kioo,
na kioo hakishiki kitu.
Kitundu akauchagua ukuta wa mlima, akaacha bonde.
Nyani walikula mahindi siku nne.

Utingo wake, Msengi, alikuja kwangu miezi mitatu baadaye,
mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake.
Nilingoja anilaumu.
Akatoa bolti mfukoni, akaiweka mezani
kati ya spana na chupa ya chai,
akauliza kama kuna kazi.

Sasa yuko nami huku chini.
Mawe kwanza, kwenye tairi, mbele na nyuma; hapo hanisikilizi utani.
Anakaza slaki mpaka viatu viume dramu,
anairudisha robo mzunguko,
anaigonga dramu kwa nyundo, anatega sikio.
Tairi la pili kushoto analirudia. Daima hilo.
Sijamuuliza.

Na alfajiri, nikivuta kamba,
anasukuma kopo la maziwa ya unga chini ya mtungi.
Yamwage tu, namwambia, hayafai hata kunawia.
Subiri, anasema,
ameinamisha uso juu ya kopo,
nataka kuona leo yalikuwa kiasi gani.