Mlio wa Sahani

Kazi yangu ni kugonga.
Nina kijiti cha mti mgumu, kimelainishwa na jasho langu,
na kila sahani itokayo tanurini
naigonga ukingoni, mara moja,
kisha nasikiliza.
Iliyo nzima hulia, na mlio wake hukawia hewani.
Yenye ufa, hata ule usioonekana kwa jicho,
hujibu kama mlango wa mbao: ko.
Hiyo huenda pipani.
Miaka ishirini na mitatu, zamu ya asubuhi,
hapa Silesia, chini ya vilima vya makaa yaliyokwisha.

Hakuna aliyetuambia.
Kwanza sukari ilitoweka chumba cha chai. Kisha vijiko.
Taa ya korido iliungua Oktoba,
na hadi theluji inaanguka bado tunapapasa ukuta.
Halafu dhahabu: Halina,
achoraye mstari wa ukingo kwa pumzi iliyobanwa,
alipewa chupa mpya. Akaifungua, akainusa,
akasema, "Hii ni manjano tu."
Tanuri la pili likazimwa, eti matengenezo.
Fundi hakuja.
Aliyehamia humo ni paka wa ghala,
maana matofali yalichelewa kupoa.

Baba yangu alikuwa mchimbaji.
Mgodi ulipofungwa hakusema.
Wiki tatu nzima alitoka saa kumi na moja alfajiri
na kopo lake la chakula,
akarudi jioni na kucha safi.
Mama aliziona kucha.
Akanyamaza, akaendelea kumfungia mkate.
Nilikuwa na miaka tisa; nilidhani huo ndio upendo.
Huenda ndio.

Usiku nahesabu: kodi, gesi ya kupasha nyumba,
meno ya Kacper, safari yake ya shule.
Nikifika mwisho naanza tena,
kana kwamba hesabu ikirudiwa sana itaona haya.
Czesiek kando yangu anajifanya kalala.
Nazijua pumzi zake za uongo.

Na kazini tunachunguzana.
Wengine wanasema majina thelathini, wengine sitini.
Bogna akikohoa, vichwa vinageuka.
Juzi Halina alichelewa, nami nikafurahi.
Furaha ile ilipita upesi kama panya,
lakini mkia wake niliuona.

Ijumaa mkurugenzi, Bwana Wierzbicki,
alitukusanya ghalani, akapanda juu ya kreti.
"Sisi ni familia moja," akasema. "Msiwe na hofu."
Sikumtazama usoni. Nilisikiliza.
Ko.
Karatasi ilimtetemeka mkononi,
nikajua naye yupo anayemgonga,
katika ghorofa ya mbali, mji mwingine,
mtu mwenye kijiti kirefu kuliko changu.

Leo ilinipitia sahani ya supu,
labda ya mwisho yenye dhahabu ya kweli.
Ko.
Niliigeuza, nikautafuta ufa, nisiuone.
Kanuni ni pipa.
Niliivingirisha kwenye skafu, nikatoka nayo getini
nikimtakia mlinzi usiku mwema kwa sauti kubwa mno.

Nyumbani nilipakua supu ya kiazi chekundu.
Czesiek akazungusha kidole kwenye ukingo.
"Imetoka wapi?"
"Ina ufa," nikasema.
Kisha, kabla ulimi haujarudi ndani:
"Na kiwanda pia."

Aliweka kijiko chini.
Nilingoja aseme tutafanyaje; hakusema.
Aliuliza, "Tangu lini?"
"Tangu sukari."
Akasogeza kiti.
Tuliongea mpaka supu ikaganda utando,
na Kacper, aliyepaswa kuwa kitandani, akawa mlangoni
akisikiliza, na hatukumfukuza.

Nilipoinua sahani
nilipitisha kiganja kwenye kitambaa cha meza.
Kilikuwa kikavu.