Udongo wa Shimo la Mungu

Siku ya kwanza niliwafunika kwa turubai la kuanikia korosho,
watoto ishirini na watatu, mmoja analia,
nikasema: hivi ndivyo ilivyokuwa kabla ya kitu chochote.
Ponsiano akauliza kutoka gizani,
"Na wewe mwalimu ulikuwa wapi?"
Nikalivuta turubai. Iwe nuru, nikasema,
nuru ikawa, na vumbi, na harufu ya mabibo,
kila mmoja akapiga chafya,
tukaona ya kuwa ni vyema.

Siku ya pili sikuiweza.
Kitabu cha mwongozo kinasema: jaza beseni maji,
waonyeshe watoto maji ya juu na maji ya chini.
Aliyekiandika hajapata kuishi Newala,
ambako maji hupandishwa mlima kwa pikipiki, yakauzwa kwa ndoo,
na mama yake Auleria angenitazama kwa jicho gani
nikimwaga chini ndoo ya mia tano kwa ajili ya mfano?
Tukalala chali uwanjani, tukatazama.
Wingu moja lilikuwa linakuja kutoka upande wa Msumbiji.
Yale kule, nikawaambia, ndiyo maji ya juu.
"Yateremke basi," akasema Auleria.

Choroko tulizipanda kwenye makopo.
Zikachipua Alhamisi. Jumatatu
mbuzi wa katekista alikuwa ameila siku ya tatu yote,
na mizizi yake.
Jua na mwezi tulivichora kwa mkaa ukutani,
na kwa kuwa ukuta ni wa kanisa, niliitwa nijieleze.
Siku ya tano tulitoka kutafuta ndege
tukakutana na kinyonga.
Wakakimbia wote. Nami nikakimbia.

Siku ya sita tulishikana kamba moja mpaka Shimo la Mungu,
pale nchi inapokatika ghafla
na Ruvuma, kule chini, ni uzi ulioanguka kutoka kwenye sindano.
Niliwaketisha mbali na ukingo.
Nikawagawia udongo mwekundu na maji kikombe kimoja,
na maji yalipokwisha wakatema mate, wakaendelea kufinyanga.
Somoe, ambaye jioni huenda madrasa,
akasema hii hata yeye anaijua,
ni baba yetu Adamu, udongo ni huu huu.
Akamtengenezea Adamu wake kofia.

Ndipo Ditrik, ambaye tangu Januari
hajatoa neno mbele yangu isipokuwa "choo",
akanyoosha kidole bondeni:
"Mungu alichimba pale? Udongo wa watu?"

Nilikuwa na jibu. Nililisoma sekondari,
mvua na mmomonyoko, miaka isiyohesabika.
Nikalitazama lile shimo
nikaona linatosha: watu wote ninaowajua,
na wale waliorudishwa udongoni mwaka jana wakati wa masika,
na mama yake Ditrik akiwa mmoja wao.
"Labda," nikasema. "Labda ni pale."

Wenzake walikwenda kwenye uji.
Yeye akamlaza mtu wake juu ya jani la mgomba,
akampulizia puani, taratibu,
kama anayewasha moto wa vijiti vibichi,
akategea sikio kifuani.
Akapuliza tena. Akategea.
"Bado," akasema.

Kitabu kina sentensi ya kusema hapo,
imeandikwa kwa wino mweusi uliokolea,
kwamba ni Mungu peke yake, na mtoto apongezwe kwa juhudi.
Sikuisema.
Nililala kifudifudi kando yake, na sketi yangu ya kazi,
naye akanisogezea mtu wake
nisikilize kwa zamu.
Uji ulipoa.

Siku ya saba ni ya kupumzika.
Kanisani, mahubiri yalipofika katikati,
nilikuwa bado natoa udongo sikioni.