Hamsini

Ghorofa ya tatu, Luthuli. Ngazi zinanuka lehemu na chipsi.
Kirigo amezipanga lenzi tatu juu ya taulo la jikoni
kama mtu anayeuza mayai.
Nina elfu kumi na tatu ndani ya soksi
na mia mbili za kurudi Kayole, ambazo sizihesabu.

"Kwa nini hutaki ya kuvuta?" ananiuliza.
"Hii hapa inakuletea mtu hadi mlangoni."
Namwambia sitaki mtu aletwe.
Nataka miguu yangu ndiyo ivute,
nisogee, nirudi nyuma, nimkanyage paka kama ni lazima.

Ananipa themanini na tano.
Nzito, nzuri, ina jicho la ng'ombe.
Uso unatulia ndani yake kama uji uliopoa.
Lakini chumba changu nimekipima kwa hatua:
nne na nusu, kitanda kikisimamishwa ukutani.
Hata nikibana mgongo kwenye mlango
nitapata shavu, sikio, na nusu ya hereni.
Wateja wangu hawalipi kwa sikio.

Thelathini na tano, basi.
Namlenga Kirigo. Pua inatangulia,
inanifikia kabla ya mwenyewe,
na nyuma yake duka zima linataka kupigwa picha:
nyaya, redio zilizofumuliwa, kalenda ya duka la mbolea,
kijana anayetafuna mahindi.
"Hiyo ni ya harusi," anasema, akijipapasa pua.

Sikumwambia kuhusu picha ya baba.
Ile ya kwenye karatasi ya mazishi
tuliikata kutoka harusi ya binamu,
watu kumi na wanane na keki.
Tukamkuza hadi akawa punje punje.
Begani pake ulibaki mkono wa mtu,
vidole vinne na pete,
na mpaka leo hatujui ni wa nani.
Watu walipita kwenye jeneza wakiutazama mkono.

Hamsini ni ndogo. Ya plastiki,
nyepesi kama kifuniko cha chupa ya chai,
ina mkwaruzo ukingoni, mfupi kama kope.
Kirigo haisifu. Anayo hamsini nyingine kabatini,
ya moja nukta nne, ya chuma, bei maradufu.
Naijaribu. Naifungua yote.
Jicho lake moja linaamka,
la pili bado limelala ukunguni.
Hapana, nasema.
Anayelipa mia tatu ana haki ya macho mawili.

Narudia ile ya plastiki, naibana kidogo.
Nasogea. Nasimama pale ambapo
ungesimama kumuuliza mtu, kwenu hawajambo?
Karibu kuliko karani wa benki,
mbali kuliko daktari wa meno.
Na hapo, bila kuvutwa, bila kusukumwa,
Kirigo akawa na uso wake:
kovu chini ya kidevu,
mvi mbili alizoziacha makusudi, au hakuziona.
Redio nyuma yake zikayeyuka, zikawa rangi tu.

Hakutabasamu. Alikuwa akipiga hesabu kichwani.
"Kumi na mbili."
"Ina mkwaruzo."
"Mkwaruzo hauonekani kwenye picha."
"Mimi nitakuwa nauona."
Tukakubaliana kumi na moja, na kifuniko juu.

Kesho yake, kabla jua halijafika kwenye kamba za nguo,
Nafula wa chumba nambari saba akaja wa kwanza,
amevaa gauni la kwaya, viatu vya dada yake.
Nikafungua mlango nusu ili mwanga uingie kwa upande.
Paka nikamtoa.
Akakaa kwenye ndoo niliyoifunika kwa leso,
akanyoosha shingo, akakohoa,
akaniuliza aiweke wapi mikono.

Popote, nikamwambia,
mradi iwe yako.