Mshikio wa Jikoni

"Ungependa ukae wapi?"
Fundi Gunvaldis kauliza, keekee mkononi,
theluji ikimyeyukia mabegani.
Nikageuka nione anaongea na nani.

Miezi kumi na mmoja tangu kiharusi
kiuibe mkono wangu wa kushoto, kisha kiuache uning'inie,
nimekuwa nikisemwa juu ya kichwa changu:
Amekula? Amelala? Ameenda haja?
Kumbe mtu huzikwa hata ndani ya herufi moja.
A-.
Mimi Skaidrite, dereva wa tramu ya Liepaja miaka thelathini na minne,
niliyesimamisha chuma cha tani kumi na saba
kwa ajili ya paka aliyelala relini,
nimegeuka nafsi ya tatu nyumbani mwangu.

Mpwa wangu Dzintra ana huruma, simlaumu.
Huruma yake ni blanketi zito:
inanipasha joto, na hainiachi nijigeuze.
Ameficha visu. Amefunga gesi,
ufunguo kautia mkobani.
Ameleta karatasi ya nyumba ya wazee kando ya ziwa:
bustani, kinanda, supu saa sita kamili.
Supu yenyewe nzuri, sikatai, ina shibiti.
Ila nani atanipa bakuli saa nane za usiku,
njaa ikinijia kwa ratiba yake?

Basi fundi kauliza. Dzintra akanijibia: "Bafuni."
Fundi hakumtazama. Alingoja.
Nje tramu ikapita, ikaguna kwenye kona
palepale ilipokuwa ikinigunia mimi.
Maneno yangu siku hizi hutoka yakisukumana,
la mwisho likitaka kutangulia,
naye akangoja yapange foleni.
"Jikoni," nikasema. "Kando ya jiko.
Hapa. La. Chini kidogo. Hapa."

Akapima kwa kiwiko changu, si kwa kitabu chake.
Ukuta ukalia. Vumbi la matofali likajaa sufuriani.
Skurubu nne.
Kisha akaudandia mshikio kwa uzito wake wote,
miguu juu, mtu mzima yule,
akasema, "Ukinibeba mimi, utakubeba wewe."
Hakukaa hata kwa chai. Alikuwa na ngazi nyingine za kupanda,
huko Karosta, kwa kijana asiyeona
anayetaka nukta za kupapasa kwenye mashine ya kufulia,
ili mama yake aje kama mgeni,
asije kama dobi.

Na ufunguo wa gesi?
Niliuomba.
Hapana, niseme kweli: niliudai,
Dzintra akalia kidogo, nami nikalia kidogo,
akautundika msumarini, usawa wa mkono wangu.

Sasa ni saa nane za usiku.
Nimefika jikoni kwa hatua kumi na tisa,
mguu mmoja ukienda, wa pili ukivutwa kama behewa bovu.
Nimepitisha kiwiko kilichokufa ndani ya mshikio,
kikakaa, kikanishikilia.
Mkono uliofutwa kazi umeajiriwa upya.
Mkono mmoja haulei mwana, wanasema.
Mwana sina. Nina yai.

Limeungua pembeni. Kipande cha ganda kimo ndani,
nakisikia kinavyosagika jinoni.
Asubuhi Dzintra atanusa hewa, atasema, "Ameunguza."
Na aseme.
Nimeunguza. Nimesimama. Nimekula.
Sikiliza hizo ni-, ni-, ni-,
zinavyogonga, kama magurudumu
yakivuka maungio ya reli.

Chumvi nimezidisha.