Kichwa Chini, Miguu Juu

Denise alinipigia: "Mkono umepona. Shuka huku."
Mkono huo niliufunga hogo mwenyewe mwezi wa pili,
wodi ya mifupa, zamu ya usiku,
naye akilalamika, si kwa maumivu,
ila kwa udongo uliokuwa ukikauka bila yeye.
Nikashuka.

Newcastle ya juu ni mabasi na vioo vya maduka.
Ukifuata ngazi chini ya daraja la treni
mji unavua viatu.
Kijito cha Ouseburn ni chembamba, rangi ya chai iliyosahauliwa,
na kwa kuwa bahari haiko mbali, hukupwa na kujaa.
Nilikikuta kimekupwa.
Matope yameanika mali yake:
baiskeli isiyo na tandiko, kiti cha ofisi,
vigae vya sahani za kiwanda
kilichokufa kabla babu yake Denise hajazaliwa.
"Hapa palitoka vyungu vya nusu ya dunia," anasema.
Namwachia nusu yake. Kila mtu na chungu chake.

Zizi la farasi la zamani sasa ni karakana.
Mmoja anapuliza kioo kama anayepoza uji.
Mzee Cuthbert, aliyekuwa mchomeleaji wa meli,
anazichora meli zile zile kwa masizi,
kwa kidole kimoja,
hanyanyui kichwa.

Njaa.
Chini ya tao Mehret wa Asmara anauza injera na dengu,
jirani yake kijana anakaanga chipsi, anazimwagia siki.
Nikatoa mkobani chupa yangu ya pilipili.
Denise akaonja, akalia machozi,
kisha akanyoosha mkono ule ule, ule wangu,
aongezwe.

Ghorofani kuta nyeupe, divai kwenye vikombe vya karatasi,
ndipo nikaiona: kanga.
Nyekundu kwa nyeusi, korosho pembeni,
ndani ya fremu, na taa yake peke yake,
na jina lake kichwa chini, miguu juu.
Kibandiko: Nguo ya sherehe, Afrika.
Afrika! Kama barua iliyoandikwa anwani "Duniani".

Nikainamisha shingo hadi sikio likagusa bega.
Wawili nyuma yangu wakainama pia.
Kisha wanne. Kisha chumba kizima,
kama kuku waliosikia mwewe,
wakidhani ndivyo sanaa hii itazamwavyo.
Kikanitoka kicheko cha puani,
kile mama alichonikataza msibani.

MLANGO WAZI SI KARAMU.

Aliyeinunua hakununua pambo.
Kanga ya namna hii hununuliwa kwa ajili ya mtu,
huvaliwa siku mtu huyo yuko barazani,
nawe unapita polepole, unamgeuzia mgongo asome.
Alikuwa nani? Wifi? Mpangaji?
Shoga aliyezoea kufunua sufuria?
Ugomvi wao leo unapigiwa taa, unanywewa divai.

Ningesema ni baraka, wangeridhika.
Nikasema ukweli.
Kimya. Kisha vicheko,
na binti wa maonyesho, Imogen, akawa mwekundu kuliko kanga,
akaenda kuleta ngazi.
Tuliigeuza watu watatu. Mimi nilishika pindo.

Baa ya mwisho ina dari fupi, fidla, na mvuke wa makoti.
Mimi na tangawizi yangu.
Akasimama mama mmoja mnene, akaimba macho kafumba,
kwa Kiingereza cha huku, ambacho Waingereza wenzao
hukiomba kirudiwe.
Watu wakapiga meza.
"Anamsema jirani," Denise akaninong'oneza,
"aliyeazima makaa, asirudishe."
"Jirani yupo humu?"
"Yule pale, mlangoni."
"Basi hiyo ni kanga," nikamwambia.

Saa sita usiku maji yalikuwa yamejaa.
Baiskeli haionekani, wala kiti.
Taa za daraja zimelala juu ya kijito, kichwa chini,
na hapakuwa na mtu wa kuleta ngazi.

Chupa ya pilipili niliisahau kwa Mehret.
Kesho nina zamu.
Keshokutwa nitaifuata.