Aliyekaa Nyuma ya Goli

Leo nimeipokea tena, mara ya tatu tangu alfajiri:
kwa shangazi aliye Nizwa,
kwa kijana anayeniuzia vocha,
kwa nambari nisiyoijua.
Sekunde saba. Mtu mrefu, jezi nyekundu,
amefunga bao, na badala ya kushangilia
anaupita mlingoti, anakaa chini,
mgongo kwa uwanja, uso kwa ukuta,
jezi kaivuta mpaka kichwani.
Chini wameandika: Mshahara, tarehe tano.
Au: Mkwe kasema anakuja kukaa mwezi.
Au, hapa kwetu Sib, mwezi wa saba:
Kiyoyozi kimekufa.

Milioni tatu na ushei wameitazama.
Jina hawalijui. Wanamwita Bwana Ukuta.

Mimi namjua. Mfaume Nangumbi, mtu wa Lindi.
Tulimwita Tiara, maana akiruka kwa kichwa
mpira ulishuka kabla yake.
Nilikuwa na miaka kumi na moja, muokota mipira,
nimekalia kreti la soda nyuma ya nyavu.
Ukitazama vizuri, kona ya kushoto,
ile ndara ya plastiki ni yangu.

Alikaa hatua mbili kutoka kwangu.
Nikamsikia akisema na ukuta
kwa Kiswahili kama cha bibi yangu,
kile cha jikoni, kile tulichokificha shuleni:
"Nimefunga, mama. Nawe washakufukia."

Simu ilikuwa imepigwa adhuhuri.
Meneja kasema, cheza kwanza, tiketi baadaye.
Kaburi halijui baadaye.

Nikampa chupa ya maji. Hakunywa,
alinawa uso, akarudi mchezoni.
Hiyo ni sekunde ya nane. Haimo.

Sasa anaendesha basi la shule, Mabela.
Goti la kulia humtabiria mvua,
na kwa mvua zetu hizi
goti lina likizo ndefu.
Wiki jana watoto wamemgundua:
wanapanda basi mashati yamefunika vichwa,
wanagongana, wanaanguka, anawangoja wakae.
Kampuni ya magodoro nayo imempigia:
riale mia mbili, akae vile vile,
ukutani paandikwe jina la godoro.

Nilikwenda kwake nimekasirika kwa niaba yake,
na hasira ya kuazima haina pa kukaa.
Niliapa kuwaandikia wote, mmoja mmoja,
milioni tatu na ushei, niwaambie.
Akanimiminia chai, iliki ikaelea.
"Uwaambie nini? Mama alikuwa mtu wa kucheka,
alicheka hata matangani, watu wakimfinya.
Na hao, waache. Siku ile nilikaa peke yangu."

"Tulikuwa wawili," nikasema.

Akanitazama uso, muda,
kisha akanitazama miguu.

Magodoro aliwakataa. Hakusema kwa nini,
alisema tu kwamba godoro lao ni gumu.

Jana saa tano usiku simu ikalia.
Ni yeye: bili ya umeme imefika,
riale sitini na baisa zake,
na chini yake, bila neno, stika,
mgongo wake mwenyewe.
Nikacheka peke yangu gizani.
Kisha nikaikuza kwa vidole viwili,
nikaisogeza kushoto, kushoto zaidi.
Wamekata pembeni.
Ndara haimo.