Kitu Kisichokuwepo

Jumatatu, darasa la tano, Majengo.
Kwa kipande cha mwisho cha chaki niliandika:
Eleza kitu kisichokuwepo.
Chini yake nikapanga maneno
kama Mama Nzigire apangavyo sambaza, fungu kwa fungu:
zimwi, dubwana, jini, kinyamkera,
lenye pembe, lenye jicho kisogoni,
lisiloonekana, linyonyalo pumzi, la shimoni.
Chukueni, nikasema, leo hayauzwi.
Uzuri wa zimwi ni kwamba ukiliongezea mkia
halitakuja kukushtaki.

Halafu nikawaonya:
hata zimwi huishi kwa kukopa.
Pembe ni za ng'ombe wa Masisi,
jicho ni la samaki wa jana,
ngurumo ni ya lori lililokwama njia ya Sake.
Hakuna aliyewahi kubuni kiungo kipya.
Tunashonashona tu.

Usiku nilisahihisha kwa tochi ya simu.

Muhindo ameeleza umeme
unaowaka Jumapili hadi Jumapili bila kukatika.
Nilicheka peke yangu. Nane kwa kumi.

Masika ameandika mazuku.
"Haina mwili. Haina harufu.
Inalala bondeni, inangoja mbuzi ainamishe kichwa.
Mtu mrefu inamwacha.
Mtoto inamchukua."
Nikashika kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: Hii ipo.
Kisha kalamu ikabaki hewani.
Lisiloonekana, linyonyalo pumzi, la shimoni:
maneno yote nilimpa mimi,
kutoka fungu la mazimwi,
na yote yamemkaa mazuku
kama nguo iliyopimwa mwilini.
Mwaka juzi mbuzi wa jirani alikutwa alfajiri
amelala vizuri, macho wazi, hana hata mkwaruzo.
Bibi mwenye mbuzi alisema ni pepo mbaya.
Kijana mwenye kipimo alisema ni gesi.
Mbuzi hakuongeza neno.

Na chini kabisa ya rundo, Bauma.
Bauma ameeleza nyumba.
Mlango wa bati la buluu, unaolia ukifunguliwa.
Mpapai mmoja, dume, hauzai, baba anakataa kuukata.
Ukutani, kwa msumari, jina la dada yake,
herufi ya mwisho haikutosha, ikashuka chini.
Hakuna pembe. Hakuna mkia.
Hakuchukua hata neno moja ubaoni.
"Sasa iko chini ya mawe, mita tatu.
Juu yake watu wanasukuma chukudu."

Nilitaka kuandika: Umetoka nje ya swali.
Nikarudi kwenye kichwa cha insha yake,
kwa mwandiko ule unaoegemea kushoto:
Kitu kilichokuwepo.

Herufi moja.
Mimi niliandika s, yeye ameandika l.
Anakaa dawati la nyuma, na chaki ilikuwa imekwisha,
labda hakuona vizuri.
Labda aliona.
Miaka kumi na minne nafundisha ukanushi,
nachora mishale, si hapa, li pale,
sikuwahi kupima
umbali wa herufi hizo mbili kwa mita.

Nje, mlima ulikuwa mwekundu juu ya mabati,
mwekundu kama...
Hapana. Ulikuwa mwekundu.

Asubuhi niliwarudishia madaftari.
La Bauma halikuwa na alama.
Aliligeuza, akatafuta, akanitazama,
nami nikajifanya nafuta ubao uliokwisha kufutwa.
Masika akanyoosha kidole.
"Mwalimu, sasa mazuku iko ama haiko?
Maana umesema tuandike ya uongo,
na mimi nimeandika ya kwetu."

Iko, nikamjibu.
Na leo ukirudi nyumbani
pita njia ya juu.